Shajara ya mradi: kuitoa repo ya SACCOS kwenye draivu ya Z

Jumatatu

Mradi ni mfumo wa hisa na mikopo ya wanachama wa SACCOS. Tunaougusa ni mimi, dada wa ripoti, kaka wa programu ya simu (yeye peke yake anatumia Ubuntu) na kijana aliye hapa kwa mafunzo kwa vitendo. Msimbo wote, pamoja na repo yake ya Git (Git ni programu inayotunza historia ya msimbo, repo ni hazina ya historia hiyo), unakaa Z:\saccos. Z: si diski ya kompyuta ya mtu. Ni folda iliyo kwenye kisanduku cha diski kilichofungwa stoo, kinachoendesha Samba (programu ya kugawana folda na Windows), na kila kompyuta yetu ya Windows imeipa folda hiyo herufi Z. Mpangilio huu niliukuta, na sababu yake inaeleweka: mzee wa ofisi anataka kazi yote iwe mahali panapofanyiwa bekapu kila usiku, na bando letu la intaneti halitoshi kumfanya mtu alale usingizi akiwa ameweka kazi mbali.

Malalamiko yamekuwa mengi, kila mtu na lake. Nimeambiwa niyafuatilie na niandike ninachokuta.

Nimeanza na dada wa ripoti. Amepewa laptopu mpya, akaweka Git mpya, na alipoandika git status (amri ya kuuliza nini kimebadilika) ndani ya Z:\saccos alijibiwa hivi:

fatal: detected dubious ownership in repository at '//seva/kazi/saccos'

Hiyo //seva/kazi ni Z: kwa jina lake la mtandaoni, seva ikiwa ni kile kisanduku. Git imeuliza folda hii ni ya nani, ikaona mmiliki si yeye, ikagoma. Laptopu yake ya zamani haikuwahi kugoma kwa sababu Git yake ni ya kabla ya tarehe 12 Aprili 2022. Siku hiyo lilitoka toleo 2.35.2, lililoziba tundu la usalama lililosajiliwa kama CVE-2022-24765. Zamani Git ilikuwa ikipanda folda kwa folda kutafuta .git (folda inamokaa repo), na ikiipata inasoma mipangilio iliyomo bila kujali nani kaiweka. Kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi, mtu angeweza kuunda C:\.git yake na kuandika ndani yake mpangilio wa core.fsmonitor unaoita programu aitakayo. Mwenzake akifungua terminali (dirisha la kuandikia amri) inayoonyesha tawi la Git, yaani mkondo wa kazi uliopo, programu ile inaendeshwa kwa jina lake yeye, si la aliyeitega. Kwa hiyo ukali wa sasa nauunga mkono, hata kama unatusumbua.

Lakini kwa nini aonekane si mmiliki wakati mafaili kayaandika mwenyewe? Windows haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa SID, ile namba ndefu inayoanza na S-1-5. Ofisi yetu haina domeni, yaani seva moja ya kutambulisha watumiaji wote. SID ya akaunti yake kwenye laptopu imetengenezwa na laptopu, na SID ya akaunti yake kwenye kisanduku imetengenezwa na kisanduku. Jina ni moja na nywila ni moja, ila namba hazitalingana kamwe. Ofisi yoyote yenye mpangilio kama wetu itakumbana na ujumbe huu, hata kama ruhusa zote za folda ziko sawasawa.

Git yenyewe inapendekeza dawa mwishoni mwa ujumbe wake:

git config --global --add safe.directory '%(prefix)///seva/kazi/saccos'

Dada alikuwa ameshainakili amri hii na bado akagomewa. Nilipoandika git config --global --get-all safe.directory nikaona kilichotokea: alama za kunukuu zimehifadhiwa pamoja na njia, yaani anwani ya folda. Aliibandika kwenye cmd, terminali ya zamani ya Windows, na cmd haizijui alama moja moja za kunukuu. Kwake hizo ni herufi kama nyingine. Kwenye terminali nyingine, Git Bash au PowerShell, ingepita. Ukiwa cmd tumia alama mbili mbili, na mikwaju mitatu baada ya mabano usiipunguze. Kuandika Z:/saccos badala ya //seva/kazi/saccos hakukutusaidia, maana Git inaifuata Z: hadi jina lake halisi la mtandaoni kabla ya kulinganisha.

Kijana wa mafunzo aliuliza kama mstari huo usingewekwa ndani ya .git/config ya repo yenyewe, kila mtu aukute humo. Hapana. Git inausoma kutoka mipangilio ya mtumiaji au ya kompyuta nzima tu, hausomi kutoka kwenye repo. Ni kama kwenye SACCOS yenyewe: mkopaji hajidhamini. Na ile njia ya mkato ya kuweka nyota, yaani kuamini folda zote duniani, nimeikataa. Ni kulirudisha tundu lile lile lililozibwa.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya Z: inayopotea. Kaka wa simu ameandika skripti ya kujenga kifurushi cha programu, na kwenye kompyuta ya Windows ya pamoja skripti hiyo lazima iendeshwe kama msimamizi. Akiiendesha kawaida, Z: ipo. Akiiendesha kama msimamizi, anaambiwa njia haipo.

Hili si kosa la Git. Mtu mwenye haki za usimamizi akiingia Windows, mfumo unampa vikao viwili, cha kawaida na cha msimamizi, na herufi ya draivu ya mtandao inafungwa kwenye kikao kilichoiunda. Andika net use kwenye terminali zote mbili utaona orodha mbili tofauti. Kazi za usiku zilizopangwa kujiendesha nazo ziko hivyo hivyo. Zinaamka kwenye kikao ambacho hakijawahi kuisikia Z:.

Kuna swichi kwenye rejista ya Windows inayoitwa EnableLinkedConnections, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Ukiipa thamani ya 1 na kuwasha upya kompyuta, vikao viwili vinashirikiana draivu. Sikuiweka. Nimebadilisha skripti itumie //seva/kazi/saccos moja kwa moja. PowerShell na Git Bash zinaingia kwenye njia ya namna hiyo bila shida. cmd haikubali kukaa humo, ila pushd \\seva\kazi\saccos inaiazimia herufi ya muda na popd inairudisha.

Jumatano

Kufuli. Hili ndilo linalowaudhi watu kuliko yote, na nadhani ndilo linalosema ukweli kuhusu mpangilio wetu.

fatal: Unable to create 'Z:/saccos/.git/index.lock': File exists.

Git ikitaka kubadilisha faili la index, yaani orodha ya mafaili inayoyajua na hali ya kila moja, hailiandiki papo hapo. Inaunda index.lock kwa masharti kwamba lisiwepo tayari, inaandika orodha mpya humo, kisha inalibadilisha jina liwe index. Mwingine akija katikati anakuta lock ipo, anarudi. Kwenye diski ya ndani ya mtu mmoja mchezo huu unakwisha kwa kufumba na kufumbua. Kwetu sisi watu kadhaa tunashiriki folda moja ya kazi, kupitia waya, na kila mmoja ana kihariri kinachouliza git status chinichini bila yeye kujua. git status nayo si msomaji tu. Ikikuta taarifa za mafaili zimepitwa na wakati huandika upya index kama upendeleo, na kufanya hivyo inahitaji kufuli. Tangu Git 2.15 kuna njia ya kuiambia isijisumbue, GIT_OPTIONAL_LOCKS=0, na baadhi ya vihariri huiweka vyenyewe. Kihariri cha dada hakiiweki, kwa hiyo nimeiweka kwenye mazingira ya Windows yake.

Kuna kufuli la namna ya pili, lile linalobaki. Laptopu imefungwa kifuniko katikati ya komiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye historia), au wi-fi ya korido imeyumba, git imekufa na index.lock imebaki. Ujumbe unashauri uhakikishe hakuna git nyingine inayoendesha kisha ulifute. Ushauri huo umeandikwa kwa mtu mwenye diski yake. Kwenye Z: unaweza kufungua orodha ya programu kwenye kompyuta yako, usione git hata moja, na bado mwenzako upande wa pili wa ukuta yuko katikati ya kuandika. Ukifuta kufuli lake umemwachia index iliyochanganyika. Mahali pa kuuliza ni kwenye kisanduku chenyewe: nimeingia kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kwa amri) na kuandika smbstatus, inaonyesha nani ameshika faili gani. Kama index.lock haimo kwenye orodha hiyo, hapo ndipo inafutwa.

Jambo jingine lililotuchanganya: mimi nimefuta kufuli, dada kwake bado anagomewa, halafu baada ya muda mfupi linapita lenyewe. Windows huhifadhi majibu ya seva kwa muda ili isiulize kila mara. Orodha ya folda huishi sekunde 10 kwenye kumbukumbu hiyo, na jibu la kwamba faili halipo huishi sekunde 5. Hizo ni thamani za kawaida na zinaweza kubadilishwa kwenye rejista, lakini ukizizima kabisa kila kitu kinakuwa kizito.

Mchana, nikiwa bado na smbstatus, kaka wa simu akahamia tawi lake la malipo. Sekunde chache baadaye dada akaita kutoka meza ya pili: "Kaka, mbona ripoti yangu imepotea?" Haikupotea. Folda ya kazi ni moja, kwa hiyo tawi ni moja. Mmoja akihama, wote mmehamishwa. Faili alilokuwa amelifungua likabadilika mikononi mwake, na bahati nzuri kihariri kilimuuliza kabla ya kuandika juu. Hakuna mpangilio wa Git unaotibu hili.

Alhamisi

Upande wa Ubuntu. Kaka alijaribu kufanya kloni mpya (nakala kamili ya repo) ndani ya /mnt/kazi, ambako ameiunganisha folda ile ile, akapata:

error: chmod on /mnt/kazi/jaribio/.git/config.lock failed: Operation not permitted
fatal: could not set 'core.filemode' to 'false'

Alikuwa ameunganisha kwa sudo bila kutaja mtumiaji, kwa hiyo Linux inayaona mafaili yote kuwa ya root, msimamizi mkuu. Kuandika anaweza kwa sababu ya ruhusa pana, ila chmod, yaani kubadilisha ruhusa za faili, ni haki ya mmiliki peke yake, na Git huiita chmod kila inapoandika upya config. Tumeunganisha upya tukiongeza uid=1000,gid=1000,file_mode=0664,dir_mode=0775 na ikapita.

Baada ya hapo git diff kwenye repo ya zamani ikamwonyesha karibu kila faili limebadilika, bila hata herufi moja tofauti:

old mode 100755
new mode 100644

Ni ile ruhusa ya kuendesha faili. Samba haina pa kuiweka vizuri kwa namna tulivyoiunganisha, kwa hiyo Linux inaibuni kutoka file_mode. git config core.fileMode false inanyamazisha. Pia nimeongeza .gitattributes yenye mstari wa * text=auto, kwa sababu miisho ya mistari ya Windows na ya Linux ilikuwa inagombana pembeni na kuongeza kelele kwenye kelele.

Ijumaa

Uzito. git status kwenye Z: inachukua muda wa mtu kwenda kuchota maji ya kunywa na kurudi. Nilitangulia na GIT_TRACE_PERFORMANCE=1, inayoandika kila hatua imekula muda gani, na karibu muda wote unaishia kwenye kuuliza hali ya faili moja moja. Kwa kila faili Git inataka ukubwa, saa ya kubadilishwa na mengineyo. Kwenye diski ya ndani jibu liko kwenye kumbukumbu, kwenye Z: ni safari ya kwenda stoo na kurudi. core.preloadIndex, inayotuma maswali hayo kwa mafungu sambamba, imewashwa tayari kwa kawaida. core.untrackedCache nimeipima kwanza kwa git update-index --test-untracked-cache kabla ya kuiwasha. core.checkStat nimeiweka minimal ili Git iache kujali sehemu za taarifa ambazo Samba haizitoi kwa uthabiti. Kuna nafuu kidogo.

Kipelelezi cha ndani cha Git, kile cha core.fsmonitor kilichokuja na toleo 2.36, kwa kawaida hukataa kufanya kazi kwenye folda ya mtandao. Kuna mpangilio wa kukilazimisha, fsmonitor.allowRemote. Sijaugusa: kipelelezi kinategemea seva imwarifu kila faili linapobadilika, na taarifa moja ikikosekana Git itaamini faili halijabadilika. Bora uzito kuliko komiti yenye pengo.

Kufikia jioni nina ukurasa mzima wa mipangilio, na siupendi. Kila mstari ni wa kuificha Git isijue iko wapi.

Jumatatu ya pili

Jumamosi umeme ulikatika na betri ya UPS ya stoo imekwisha maisha yake. Leo asubuhi:

error: object file .git/objects/3f/… is empty

Vitu (mafaili ambamo Git inahifadhi historia) kadhaa vya Ijumaa jioni vipo kwa jina, ndani ni baiti sifuri. Nimeangalia mipangilio ya Samba kwenye kisanduku: strict sync imewekwa no. Maana yake ni kwamba Git ikiomba data ifike diskini kweli kabla ya kuendelea, seva inaitikia "ndiyo" na kuendelea kuishikilia kwenye kumbukumbu. Hupendeza kwenye vipimo vya kasi. Nimeiweka yes.

Kutengeneza kulikwenda hivi, naandika kwa utaratibu kwa sababu huenda mtu akaihitaji akiwa na hofu. Kwanza nilinakili Z:\saccos nzima pembeni, hata ikiwa mbovu. Kisha find .git/objects -type f -empty, na yote yaliyoonekana nikayahamishia nje. Kijana wa mafunzo alikuwa na kloni kwenye laptopu yake aliyoichukua Alhamisi ili akajisomee nyumbani. Nilinakili folda ya objects ya kloni yake juu ya ile mbovu kwa cp -rn, bila kuandika juu ya kilichopo. Hakuna hatari ya kuchanganya, kwa kuwa jina la kila kitu humo ni hesabu iliyofanywa juu ya yaliyomo: majina mawili yakilingana, yaliyomo yanalingana. git fsck --full, amri ya kukagua uzima wa repo, ikapunguza malalamiko hadi yakabaki ya komiti ya Ijumaa pekee, ambayo kloni haikuwa nayo.

Komiti hiyo haikurudi, ila haikuhitajika. Mafaili yenyewe ya kazi yalikuwa mazima, yaliandikwa saa nyingi kabla. Nilifungua .git/logs/refs/heads/riba, mstari wa mwisho unaonyesha tawi lilitoka komiti ipi kwenda ipi. Nikalirudisha tawi kwenye ile ya kabla kwa git update-ref, nikafuta faili la index kwa kuwa lilitaja vitu visivyokuwepo, nikaandika git reset bila --hard. Bila --hard, narudia, la sivyo mafaili mazima yanafutwa na yale ya zamani. Hapo git status ikaonyesha kazi ya Ijumaa kama mabadiliko ya kawaida, nikaikomiti upya. Dada alisimama nyuma yangu muda wote, hakusema neno hadi fsck iliponyamaza.

Jumanne

Nimekaa na mzee. Nilichomwambia: mmiliki anayekataliwa, kufuli linalobaki, ruhusa zinazobuniwa, uzito, vitu vitupu, vyote ni swali moja. Git inadhani diski ni ya mtu mmoja na iko ndani ya kompyuta yake. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa kernel ya Linux waliotawanyika duniani, na msingi wake ni kwamba kila mmoja ana repo yake kamili, wanabadilishana komiti. Sisi tumeichukua tukaigeuza folda ya pamoja. Tunaweza kuendelea kuizibia viraka, au tuitumie ilivyokusudiwa: repo tupu isiyo na folda ya kazi ikae kwenye kisanduku, kila mtu afanye kloni kwenye diski yake.

Mzee hakubishana kuhusu Git. Aliuliza: "Na kazi ambayo mtu hajaipeleka? Laptopu ikiibwa kwenye daladala je?" Swali lake ni zito kuliko yote niliyokutana nayo wiki iliyopita. Z: kwa mabaya yake yote ilikuwa inabeba hata kazi ya nusu. Tumekubaliana kila mtu awe na tawi lenye jina lake na alisukume (alipeleke kwenye kisanduku) kabla ya kuondoka, hata kama msimbo haujakamilika. Hakuna atakayeulizwa kwa nini tawi lake binafsi halijengeki. Hapo nikapewa ruhusa.

Jumatano

Kwenye kisanduku nimeunda mtumiaji anayeitwa git, mwenye git-shell badala ya terminali ya kawaida, na repo hii:

git init --bare /srv/git/saccos.git

Iko nje ya folda ya kazi kwa makusudi, ili isionekane kupitia Z: na asitokee mtu wa kuifungua kwa panya. Wote tunaingia kwa mtumiaji huyo mmoja, kila mtu kwa ufunguo wake wa SSH wa aina ya ed25519. Nilifikiria akaunti tofauti na --shared=group, nikaacha: matoleo mapya ya Git yanakagua mmiliki hata upande wa seva, na ule ujumbe wa Jumatatu ya kwanza ungetufuata hadi huko. --shared ingewasha yenyewe kizuizi cha kuandika juu ya historia. Bila hiyo nimekiwasha kwa mkono, receive.denyNonFastForwards true. Na core.logAllRefUpdates true, kwa sababu repo tupu haitunzi kumbukumbu ya mienendo ya matawi isipoambiwa, na Jumatatu hii kumbukumbu hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Kutoka Z:\saccos nikasukuma kila kitu kwa git push --mirror. Kisha kila mmoja:

git clone ssh://git@seva/srv/git/saccos.git

Kijana aliuliza kwa nini tusifanye kloni kutoka Z: tu, maana repo tupu ingeweza kukaa hata humo. Ingeweza, na ni afadhali kuliko tulivyokuwa. Tofauti ni nani anayeandika. Kupitia Z:, git ya laptopu yangu ndiyo inayounda kufuli, kubadilisha majina na kuandika vitu kwenye diski iliyo stoo, kwa hiyo wi-fi ikikatika katikati imekatika katikati ya kuandika. Kupitia SSH, laptopu inatuma kifurushi, na git iliyo ndani ya kisanduku ndiyo inayoandika kwenye diski yake yenyewe. Kifurushi kisipofika chote, tawi halisogei.

Pia aligundua mwenyewe kwamba huwezi kusukuma kwenye repo yenye folda ya kazi iliyo kwenye tawi lile lile. Alijaribu kusukuma kwenye Z: akaambiwa refusing to update checked out branch. Ni vizuri ilimkatalia.

Alhamisi

Bekapu. Kila usiku kisanduku kinaendesha git bundle create na kuweka saccos.bundle, yenye matawi yote, ndani ya Z:\bekapu, ambako bekapu ya ofisi inaichukua kama faili jingine lolote. Ni faili moja, si maelfu ya vipande vidogo, na git clone inalifungua moja kwa moja. Nimelijaribu kwa git bundle verify, kisha nikafanya kloni kutoka humo na kujenga programu. Halibebi mipangilio wala skripti za hooks (zinazojiendesha kwenye matukio ya Git), kwa hiyo hizo nimezinakili kando.

git status kwenye kloni ya C: inajibu kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Nimefuta core.checkStat na core.untrackedCache kwa wote, hazina kazi tena.

Ijumaa

Mhasibu amesikia na kuleta la kwake: folda ya violezo vya barua anayoitunza kwa Subversion (programu nyingine ya kutunza historia ya mafaili), nayo iko Z:, nayo inalalamika E155004, yaani folda imefungwa kwa kufuli, kila wiki. Tangu Subversion 1.7 ya mwaka 2011, folda ya .svn inaweka taarifa zake kwenye hifadhidata ya SQLite, wc.db, na waandishi wa SQLite wenyewe wanaonya dhidi ya kuiweka kwenye mafaili ya mtandao kwa sababu ya makufuli yasiyoaminika. svn cleanup ilimfungulia. Nimemwambia afanye checkout mpya (achukue nakala mpya ya kazi) kwenye C: yake, seva ya Subversion haina tatizo lolote na haitaguswa.

Kilichobaki: Z:\saccos nimeibadilisha jina kuwa saccos_USIANDIKE na kuipa ruhusa ya kusoma tu. Kuna kazi moja ya usiku kwenye kompyuta ya pamoja inayovuta ripoti ya marejesho kutoka njia ya zamani, na mwenye kuijua yuko likizo hadi hesabu za mwezi zifungwe. Betri ya UPS imeagizwa. Kazi hiyo ya usiku ikihamishwa, naifuta folda.